Kilometa 50 Bila Kushuka

Ukitoka Morogoro kuelekea Iringa, ukishaipita Doma, barabara kuu inaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kubaki humo kwa takriban kilometa 50. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na ina eneo la kilometa za mraba 3,230. Kwa abiria wa basi ukubwa huo hauna maana sana. Chenye maana ni kwamba katika kipande hicho hakuna kushuka. Hakuna stendi, hakuna kijiji, hakuna mama anayekimbiza beseni la mahindi ya kuchemsha dirishani. Kuna matuta, kuna mabango yanayotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, na kuna nyani waliokaa kando ya lami wakisubiri ganda la ndizi ambalo hairuhusiwi kuwatupia. Konda ambaye tangu stendi ya Msamvu, Morogoro, amekuwa akisimamisha gari kila panapoinuliwa mkono, akiingia hapa anabadilika. Na yule aliyedharau choo cha stendi akitegemea kuchimba dawa mbele ya safari, anagundua kuwa vichaka vya mbele vina wenyewe.

Wema wa safarini huwa tunauelezea kwa kutaja moyo. Fulani ana moyo mzuri, fulani kalelewa vyema, basi. Sikatai. Ila nadhani sehemu kubwa ya maelezo iko kwenye mlango wa gari. Mlango ukiwa wazi, mtu ana njia mia za kutoyaona matatizo ya mwenzake: atashuka kununua maji, atahamia siti ya mbele, ataangalia simu mpaka yapite. Mlango ukifungwa kwa muda mrefu, njia hizo zinakwisha moja baada ya nyingine. Mtoto akianza kutapika katikati ya Mikumi, na mama yake ana mwingine mgongoni, huyo si mtoto wa mama yule peke yake tena. Mmoja anatoa kanga, mwingine anatoa limau la kunusa, wa tatu anapekua mkoba kutafuta mfuko. (Zamani mfuko wa rambo ulikuwa haukosekani ndani ya basi. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019, hata huo nao umekuwa wa kutafuta kwa pamoja.) Dirisha linafunguliwa na mtu ambaye dakika tano nyuma aliligombania lisifunguliwe kwa ajili ya vumbi.

Mwaka 1969 Irving Piliavin, Judith Rodin na Jane Piliavin walichapisha utafiti walioufanya ndani ya treni ya chini ya ardhi ya New York. Walichagua kipande kati ya mtaa wa 59 na wa 125, ambapo treni ya haraka ilikwenda kwa dakika saba na nusu bila kusimama. Kijana wao alipanda, akasimama kidogo, kisha akaanguka sakafuni na kulala pale akitazama dari. Mara nyingine alikuwa ameshika mkongojo. Mara nyingine alinuka pombe na mkononi alikuwa na chupa iliyofungwa ndani ya karatasi. Mwenye mkongojo aliinuliwa na abiria, bila wao kuchochewa na yeyote, mara 62 kati ya 65. Mlevi aliinuliwa mara 19 kati ya 38.

Cha ajabu si kwamba mlevi alipata nusu. Hata katika Noah ya Kilosa, gari dogo la abiria, mlevi hapati zaidi ya nusu, na nusu hiyo ataipata akiambiwa maneno. Cha ajabu ni kwamba wakati ule wataalamu walikuwa wakiamini kinyume. Mwaka mmoja kabla, Bibb Latané na John Darley walikuwa wameonyesha katika majaribio yao kwamba watu wakiwa wengi kila mmoja humtegea mwenzake, na mwisho hakuna anayenyanyuka. Ndani ya treni hilo halikuonekana: behewa lililojaa halikuwa na huruma pungufu kuliko behewa lenye watu wachache. Walikuwa uso kwa uso na mtu aliyeanguka, na hawakuwa na pa kushukia. Dakika saba na nusu zilitosha. Mikumi, kwa mwendo unaoruhusiwa, ni karibu saa nzima.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba basi la Tanzania ni jumuiya ya watakatifu. Ubavuni au juu ya dirisha limeandikwa: abiria chunga mzigo wako. Kila mtu aliyewahi kusafiri ana hadithi, au ana shemeji mwenye hadithi, ya abiria aliyekaribishwa biskuti na jirani mchangamfu, akaja kuzinduka mwisho wa safari akiwa hana simu, hana begi, na viatu navyo vimekwenda. Watoto wa shule wanaosafiri peke yao huagwa kwa onyo hilo hilo: usile kitu cha mtu. Kwa hiyo wema ndani ya gari huanza ukiwa umeshashukiwa, na anayetaka kuutenda analijua hilo. Ndiyo maana una adabu zake.

Angalia chakula. Anayetaka kumkirimu jirani asiyemjua hutoa kitu ambacho hakiwezi kuwa kimeguswa: chungwa ambalo halijamenywa, ndizi kwenye chane, yai la kuchemsha likiwa na ganda lake, chupa ya maji ambayo kizibo hakijakatwa. Akiwa na karanga, huzila yeye kwanza huku akizungumza, kisha husogeza karatasi katikati. Sijawahi kusikia mtu akifundishwa haya, yamejifundisha yenyewe. Na hata anayekula peke yake hawezi kukata tonge bila kuwaambia walio karibu “karibuni”, nao hujibu “starehe”, na hapo hakuna aliyenyimwa wala aliyelazimishwa kuamini. Wageni wengine huona hiyo ni adabu tupu isiyo na kitu ndani. Mimi naona ni kazi kubwa kwa maneno mawili, maana mlango wa ukarimu umeachwa wazi bila kumtia mtu yeyote hatarini.

Lakini kuna jambo ambalo nimelitambua polepole, na sasa naliamini kuliko hayo mengine. Katika magari yetu wema hauanzi kwa anayetoa. Huanza kwa anayeomba. Mtoaji anayejitokeza mwenyewe anatia shaka: kwa nini ananikaribisha huyu, anataka nini? Mwombaji hatii shaka hiyo, maana yeye ndiye anayejiweka mikononi mwa mwenzake. “Dada, nipakatie mtoto nipate kutoa nauli.” “Baba, niangalizie mzigo huu, nashuka hapo kununua maji.” “Kijana wangu, ukifika Ruaha Mbuyuni niamshe.” Mwanamke anayempa mtu asiyemjua mtoto wa miezi sita amefanya jambo zito, na kalifanya kwa sentensi nyepesi. Anayepokea hakujiandaa, hakupanga kuwa mwema siku ile. Amejikuta tu na mtoto mapajani, na sasa anahangaika kumkinga kichwa kisigonge chuma cha siti. Wahenga walisema msafiri masikini, ajapokuwa sultani. Umasikini huo ndio unaompa ruhusa ya kuomba, na ombi ndilo linaloufungua mlango ambao ukarimu wa kujitolea ungegonga usifunguliwe.

Wilaya ya Kilosa, ambayo barabara hii huipita, inajua mambo ya kuishi na wasiojuana kuliko nyingi. Misafara ya pwani na bara ilipita mabonde ya Mkata na Mkondoa kabla ya reli. Henry Morton Stanley aliuvuka ukanda huu katika masika ya 1871 na tope la Mkata lilimwonyesha cha mtema kuni. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa, na kufika Kigoma 1914. Kisha yakaja mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, na pamoja nayo manamba: watu wa Kigoma, wa Njombe, wa Songea, walioshushwa stesheni na sanduku la bati bila kumjua yeyote. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda waliwakuta wageni hawa wamejaa wilayani mwao, na wageni wenyewe walikuwa hawajuani.

Watu hao walikuwa na chombo cha kazi hiyo ya kuishi na wasiojuana, nacho kilikuwa utani. Mngoni na Mhehe waliowahi kuuana vitani katika karne ya 19 wakawa watani. Mnyamwezi aliyepita kwa Wazaramo akielekea pwani na mzigo begani akawa mtani wao. Mtani hukutukana bila kosa, na ukifa ndiye anayekuja kusaidia mazishi na kuchekesha wafiwa. Hebu fikiria faida yake kwa mtu aliyeko mbali na kwao: huhitaji kumjua mtu, unahitaji kujua kabila lake tu, na papo hapo mna haki ya kutaniana na wajibu wa kusaidiana. Ni undugu unaosafiri bila barua ya utambulisho. Hadi leo ndani ya basi la Iringa utasikia mtu anamuuliza jirani yake anatoka wapi, na jibu likitoka, mmoja anaruka: “Ah! Kumbe nimekaa na mtumwa wangu!” Gari zima linacheka. Baada ya hapo mahindi yatagawanywa bila kuchunguzwa. Vijana wa mijini wanaupoteza utani huu, na sidhani kama wamepata kitu kingine kinachofanya kazi kwa haraka namna hiyo.

Reli nayo ilikuwa na mlango wake uliofungwa, mrefu kuliko wa basi. Zamani abiria wa daraja la tatu aliyepanda Dar es Salaam kwenda Kigoma alikuwa na siku mbili mbele yake, na treni ikiharibika zikawa zaidi. Siku ya kwanza watu wanagombania nafasi ya mzigo. Ya pili wamekwisha kujua nani ana mgonjwa, nani anakwenda msibani, nani anakoroma. Baina ya Kilosa na Gulwe njia inafuata bonde la Mkondoa, milima huku, mto kule, na mto huo haujawahi kuiheshimu reli. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukavunja kingo, ukaingia mjini Kilosa na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Tuta la reli na madaraja yake baina ya Kilosa na Gulwe yakazolewa, na safari za treni katika njia hiyo zikakatika kwa miezi. Watu wa Kilosa ambao kwa miaka mingi walizoea kuwauzia abiria waliokwama chai na ugali, safari hii wao wenyewe walikuwa kwenye mahema.

Nauweka mfano huo hapa makusudi. Tunapenda kusimulia jinsi treni ilivyokwama na watu wakagawana maji, na ni kweli waligawana. Tunasahau kuuliza kwa nini ilikwama. Sehemu ya wema wa njia zetu ni viraka juu ya mambo yaliyopaswa kufanywa na wenye dhamana: daraja lililopaswa kuwa imara, choo kilichopaswa kuwepo, gari la wagonjwa lililopaswa kufika. Sifa za viraka zikizidi, nguo haishonwi.

Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi ni ya namna hiyo. Ni safari ya kilometa 70 na ushei, kwa sehemu kubwa ya vumbi, ikipita Masanze, Ulaya na Zombo. Ndiyo, Ulaya, kila dereva wa njia hiyo ana mzaha wake kuhusu kufika Ulaya bila pasi ya kusafiria, na kila abiria mpya anacheka kwa adabu. Kiangazi unashuka ukiwa na rangi moja na jirani yako. Masika ni habari nyingine.

Masika moja nilikuwa ndani ya Noah iliyotoka Kilosa, siti ya nyuma tumebanana wanne. Pembeni yangu alikaa kijana wa Kimaasai, fimbo kaisimamisha katikati ya magoti, na pembeni yake mama mdogo mwenye mtoto mchanga na ndoo ya nyanya miguuni. Siti ya mbele yetu wanaume wawili walikuwa wakizungumza habari za ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya mtu. Walizungumza kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika nyuma. Msomaji asiyeijua Kilosa atadhani ni mazungumzo ya kawaida. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mapambano na wafugaji. Ardhi ile ile, maji yale yale ya mto, ugomvi ule ule umeendelea kuzuka hapa na pale tangu hapo. Katika wilaya hii mkulima na mfugaji hukutana mnadani, hukutana kwenye ofisi ya serikali wakishitakiana, na hukutana kwenye Noah. Humu kwenye Noah ndimo wanamogusana mabega.

Konda alipoanza kukusanya nauli, yule mama alimtazama kijana, akasema, “Kaka, nipakatie,” na kabla hajajibiwa mtoto alikuwa amekwisha kuhamia. Kijana akailaza fimbo, akampokea kwa mikono miwili. Mtoto akashika shanga za shingoni mwake na kuzitia mdomoni. Wanaume wa mbele waligeuka, wakaona, wakarudi kwenye mazungumzo yao, ila sauti imeshuka.

Mbele kidogo ya Ulaya gari likazama. Dereva akatuambia tushuke tusukume. Mtoto alikuwa amelala, na mama yake akasema, “Wewe kaka kaa naye, usimwamshe.” Basi sisi tukashuka. Wakulima wawili wale, mimi, konda na mama mwenyewe tukazama kwenye tope hadi mashavu ya miguu, tukisukuma, huku mtu mwenye mikono yenye nguvu kuliko yetu sote akiwa amekaa ndani, mkavu, amepakata. Mmoja wa wale wanaume alicheka kwa hasira: “Leo Mmaasai ndiye bosi!” Kijana naye akacheka, kimyakimya, asije akamwamsha mtoto. Alishuka kwenye njia panda isiyo na nyumba. Mama akasema asante kaka, yeye akasema haya dada, mlango ukafungwa. Na wale wawili, kabla gari halijabadili gia, wakairudia habari ya ng'ombe pale walipoiachia.

Sidai kwamba kitu chochote kilitatuliwa. Mahindi yaliyoliwa yalikuwa yameliwa. Wanaoandika kuhusu amani wangependa wale wanaume washuke wakiwa wamebadilika. Hawakubadilika, na hawakuwa na sababu ya kubadilika kwa ajili ya kilometa 30. Lakini mama yule hakuchagua mtu wa kabila lake wala wa upande wake. Alichagua mikono iliyokuwa karibu. Nikitafuta maelezo ya kitaalamu zaidi ya hayo sitayapata.

Kuna mahali ambapo mantiki hii ya mlango uliofungwa inageuka, napo ni kwenye ajali. Hapo watu wako nje, barabara iko wazi, na kila anayepita anaweza kuendelea na safari yake. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio lao na wanafunzi wa seminari ya Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa kwenda jengo jingine kutoa hotuba fupi, na kwa baadhi yao mada ilikuwa Msamaria mwema. Njiani kawekwa mtu aliyejikunja mlangoni akikohoa. Walioambiwa wana nafasi walisimama kwa asilimia 63. Walioambiwa wamechelewa walisimama kwa asilimia 10. Somo la Biblia walilolibeba kichwani halikuongeza kitu cha maana.

Barabara ya Morogoro hadi Iringa ni barabara ya watu waliochelewa: malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya Mbeya yanayopigania muda, magari ya serikali. Na anayesimama ana hofu yake nyingine. Majeruhi wa ajali huhitaji fomu ya polisi ya PF3, na wapo madereva wanaoamini kwamba aliyemleta ndiye atakayeulizwa maswali mpaka usiku. Kwa hiyo wengine hupunguza mwendo, hutazama, huondoka. Wengine husimama kwa sababu mbaya zaidi. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka na watu wakalikimbilia na madumu; liliwaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wapo pia wanaofika kwenye basi lililopinduka na kuanza na mifuko ya marehemu. Maandishi yanayozungumzia wema barabarani bila kuwataja hawa ni ya uongo.

Hata hivyo Hospitali ya Mtakatifu Kizito ya pale Mikumi imewapokea majeruhi wa barabara hii kwa miaka mingi, na wengi hawakufikishwa kwa gari la wagonjwa. Wamefikishwa juu ya Fuso la vitunguu, kwenye siti ya nyuma ya gari dogo la familia, kwenye bodaboda wakiwa wamekalishwa katikati ya dereva na mtu wa kuwashikilia. Wa kwanza kufika kwenye ajali siku zote ni abiria waliosalimika na watu wa kijiji cha jirani. Mtu aliyevunjika mkono humtoa aliyevunjika mguu. Huwa nafikiri kwamba hao bado wako ndani ya gari, hata kama gari lenyewe limelala chali mtaroni: mlango umekwisha kuvunjika, lakini kwa mawazo yao bado wanasafiri pamoja.

Zamani ilikuwepo pia sheria iliyowafungia watu pamoja usiku. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku, na yaliyochelewa yalilazimika kulala njiani. Abiria asiye na hela ya gesti alilala sitini, au sakafuni stendi, akizungukwa na wasiomjua. Kina mama walikaa katikati, wanaume pembezoni, bila aliyepanga. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2023, na kuanzia Oktoba mwaka huo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ikaruhusu ratiba za saa 24. Sijakutana na abiria hata mmoja anayeutamani usiku wa stendi, na mimi mwenyewe siutamani.

Vivyo hivyo treni mpya. Julai 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Inapita milima ya Kilosa ndani ya mahandaki manne, juu ya mafuriko ya Mkondoa badala ya kando yake, na Dar es Salaam hadi Dodoma inachukua takriban saa 4 badala ya siku nzima ya basi. Kiti kina namba, tiketi ina jina lako, hakuna anayebanana na mtu. Wapo wanaosema treni hiyo ni ya kimya mno, kwamba watu wanavaa visikilizi na kutazama dirishani, kwamba undugu wa behewa la tatu umekufa. Nimesikiliza malalamiko hayo na ninayaona ya watu ambao hawakuwahi kukaa siku nzima kwenye korido wakiwa na mimba ya miezi minane. Kama gharama ya kufika salama ni kutogawiwa yai, nitanunua yai langu Morogoro.

Kilosa ni mojawapo ya stesheni za treni hiyo. Anayeshuka hapo jioni akielekea Zombo, Ulaya au Mikumi ameshuka kutoka kwenye karne moja na kuingia nyingine, maana mbele yake bado kuna Noah, na Noah haiondoki mpaka ijae. Wale wale waliokaa safari nzima bila kusalimiana sasa wanasimama na mabegi yao wakitazamana. Mmoja anauliza, “Mwenzangu unaelekea wapi?” Dereva anasema bado siti tatu. Giza linaingia, mvua inanukia. Mama mmoja anasema ana elfu mbili ya ziada, mwanafunzi anasema yeye nauli yake yenyewe haijatimia, mzee mwenye koti anamwambia dereva ahesabu za wawili kwake, na konda anaanza kubishana nao kuhusu siti ya tatu.